Spika za Boksi la Baba Mdogo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na spika mbili kubwa begani, jasho linanitoka, nikijiona mjanja kuliko vijana wote wa Tunduma. Miaka hiyo bidhaa zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, nasi tuliamini hakuna shida isiyo na dawa upande wa pili wa mpaka.

Spika hizo nilikuwa nampelekea baba yangu mdogo. Ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi moja huko migodini Zambia, akarudi nyumbani na boksi lake la mbao, zito kama nini, lenye spika mbili ndani. Sasa spika zake hizo zilikuwa zimechanika, na binti yake alikuwa anaolewa. Tangu binti akiwa mdogo, baba yake alimwahidi kwamba siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, atampigia besi yeye mwenyewe. Na mzee yule hakuwa mtu wa kuahidi hovyo.

Tukazifunga. Akaketi, akaegemeza mgongo kwenye boksi, akapiga kidogo, akatikisa kichwa.

"Hizi hapana."

Nikarudi Nakonde kubadilisha. Muuzaji akanipa nyingine, akiniita mukwai, yaani bwana, kwa Kibemba. "Hizi ndizo za disko, mukwai. Zitapasua ukuta." Na kweli, tulipozifunga mbuzi wa jirani walitimua mbio. Baba mdogo akaegemea tena, akapiga, akazima.

"Hapana, mwanangu."

Hapo nikachemka. Nikamfuata mama mdogo jikoni, nikamwambia mumewe anadeka, anang'ang'ania vya zamani wakati dunia imeshabadilika. Alikuwa anasonga ugali, wala hakuacha mwiko.

"Umemuuliza anatafuta nini?"

"Si spika, mama?"

"Baba yako masikio yamekwisha. Besi anaipatia mgongoni, ubao unapotikisika. Hizo zako zinawapigia kelele majirani, yeye hazimfikii. Anaona haya kukwambia. Na wewe umekwenda Nakonde mara mbili, hujakaa naye hata mara moja."

Niliona aibu, mwanangu. Machozi yalinitoka palepale jikoni, na sikusingizia moshi. Nikaenda kuketi mbele yake, aone mdomo wangu, nikamuuliza. Akanieleza kwamba spika zake za zamani zilikuwa na karatasi laini, zikivuma taratibu hadi boksi zima likatetemeka. Basi tukazipeleka zilezile zilizochanika kwa fundi redio pale mjini. Akabandua karatasi mbovu, akabandika mpya za aina ileile. Safari hii baba mdogo alipoegemea, alifumba macho na hakutaka kuacha, chakula kikapoa.

Siku ya sendofu alimpigia binti yake. Wimbo ulipokwisha watu walishangilia, yeye hakujua, akaendelea peke yake. Binti hakumkatiza. Alikwenda na gauni lake jipya akaketi chini, akaegemeza mgongo wake kwenye boksi, wakamaliza pamoja.

Kwa hiyo mzee wako akikataa ulichomletea, usikimbilie kutafuta kikubwa zaidi, wala usiseme anadeka. Keti naye kwanza, umuulize kimempungukia nini, ndipo ukakitafute hicho. Mungu akubariki, mwanangu, akupe subira ya kuuliza. Na masikio yako yatakapochoka, akupe mtu wa kuketi karibu nawe.