Chumba cha Samaki

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, jirani aliwasifu samaki ambao mume wangu aliwafuga chumbani katika matangi ya vioo, bila kusema mashallah, na kesho yake wakafa wawili. Basi mume wangu akalipigilia misumari dirisha la chumba kile, jicho la watu lisiwafikie. Nyumba yetu ya Changamwe ilikuwa ya fito na udongo, na mvuke wa yale matangi matatu ya vioo ukakosa pa kutokea.

Nikamwambia, "Fungua, bwana, kuta zinatoka jasho."

"Bora jasho kuliko jicho."

Wallahi nilikasirika. Nikaubonyeza ukuta mbele yake, kidole kikazama chote. Yeye akaendelea kuwalisha samaki wake.

Nyuma ya ukuta ule kilikuwa kitanda cha mwanetu.