Ndege ya Jumanne Isiyokuwa na Kibali

Mimi nauza tiketi za ndege hapa Shinyanga mjini, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kumwambia mteja sijui. Heri nionekane mjuaji kuliko nionekane mjinga.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja wa Samuye na mjukuu wake wa kike, miaka minane, ana tundu kwenye moyo. Hospitali ya India ilikuwa imempangia upasuaji siku ya Alhamisi, na daktari alionya mtoto asipandishwe ndege za kubadilisha njiani, moyo umeshachoka. Nikafungua kompyuta. Kulikuwa na ndege mpya ya Jumanne, ya moja kwa moja, viti tele. Chini yake maneno madogo: kwa kutegemea kibali cha serikali. Niliyaona vizuri sana. Nikajitia hamnazo, nikakata tiketi. Bibi akapiga goti kunishukuru, nami nikavimba kichwa.

Baadaye hicho kibali kikaanza kuninyima raha. Mambo yenyewe yako hivi: nchi mbili huwekeana mkataba, kila upande urushe safari kadhaa kwa wiki, basi. Upande wetu zilibaki safari mbili tu, na mashirika mawili ya ndege yalizitaka. Mamlaka ya anga ndiyo inayogawa. Shirika nililouzia mimi lilianza kupokea abiria kabla halijagawiwa kitu, nami nikalifuata. Kiherehere chetu sote wawili.

Wiki tatu nzima nilikuwa roho juu. Kabla hata ya chai ya asubuhi nachungulia tovuti ya mamlaka. Simu ikiita nashtuka. Mume wangu alikuja likizo kutoka mgodini Bulyanhulu, akaniuliza nimepatwa na nini, nikamjibu ovyo, maskini, hana kosa. Na habari za Samuye hazikunipa nafuu: bibi ameshaaga majirani, padre ameshamwombea mtoto, koti la baridi limeshanunuliwa. Koti, jamani! Niliogopa mpaka nikaacha kupita njia ya sokoni, nisije nikakutana naye.

Ijumaa, siku nne kabla ya safari, uamuzi ukatoka. Safari zote mbili limepewa shirika lile jingine, na litaanza baada ya miezi miwili. Nilisoma mara tatu. Ndege nyingine za moja kwa moja zilikuwa zimejaa. Nikaiandikia hospitali kuwabembeleza wasogeze siku. Wakajibu kwamba nafasi ya Alhamisi ikipita, inayofuata ni baada ya wiki sita.

Jumamosi nikachukua bodaboda mpaka Samuye. Nilimkuta bibi uani anachambua karanga. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamwita mayu kama sisi Wasukuma tunavyowaita mama zetu, nikamweleza yote, hata yale maneno madogo. Hakunigombeza. Laiti angenitukana, ningepumua.

Akaweka karanga chini, akaniuliza, "Hao waliokuwa wanagawa, waliambiwa kwamba kuna mtoto?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mamlaka ilikuwa imetoa tangazo kabla ya kuamua, ikiomba maoni ya yeyote ambaye uamuzi ungemgusa. Nililisoma pale pale ofisini, tiketi ya mtoto nimeshakata. Nikasema moyoni haya ni ya wenye ndege na mawakili wao, mimi wa Shinyanga nani atanisikiliza, nikaendelea na kazi zangu. Barua ya ukurasa mmoja ingenichukua nusu saa.

"Hawakuambiwa, mayu," nikasema. "Aliyejua ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye karanga zake. Nikapanga safari upya kwa ile nafasi ya baada ya wiki sita. Mtoto alifariki wiki ya tano.