Mawe Mazima ya Mfalme

Mama anayepasua kokoto nyuma ya nyumba yetu, hapa Mandewa, huligonga jiwe kidogo kwanza, husikiliza, ndipo hulipasua. Vidole amevizungushia mpira wa baiskeli. Jana nilimsomea kwenye simu kwamba ndani ya piramidi kubwa la Misri kuna mawe magumu kama haya ya kwetu, mazito kuliko lori, yaliyoletwa kwa mashua kutoka mbali.

"Mazima?"

"Mazima, mama."

"Hawakuwa na nyundo?"

"Walikuwa nazo. Lilikuwa kaburi la mfalme."

Akaligonga jiwe lake, akasikiliza, hakulipasua. Akaligonga tena.

"Huyo mfalme alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikamwambia alikuwa kama sisi tu. Akaliweka jiwe chini, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemzika.