Bawa la Kuzamia

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu hunichelewesha kuliko jembe. Mstari mmoja naweza kukaa nao mpaka chai ikapoa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naishi peke yangu karibu na kivuko cha mto Kilombero, nje kidogo ya Ifakara. Baba alikuwa amehamia Uchindile kwenye mashamba ya miti. Kaka yangu alikuwa kwenye mashamba ya miwa, na habari zake nilizipata kwa watu. Mimi nilibaki na kibanda na kazi ya kunasua nyavu. Wavu wa mvuvi ukishika kisiki, nilizama kwa pumzi zangu, nikapapasa, nikaufungua. Nilikuwa mwoga wa watu. Chini ya maji hakuna anayekuuliza mbona hupigi soga.

Kiangazi kimoja walikuja wazamiaji watatu kukagua minyororo ya pantoni. Mkubwa wao, mtu mzima wa sauti ya chini, alisikia habari zangu kwa wavuvi, akanifundisha kupumua kwa mtungi wa hewa penye maji ya kiunoni. Nilikula nao, nikalala kwenye hema lao. Sikusema mengi, lakini nilizoea kusikia watu wakikohoa karibu yangu. Siku moja akaniambia kwamba wakitoka hapo wanaenda kwenye kazi pwani na wanahitaji mtu wa nne. Kesho yake angenijaribu kwenye kina. Nguo zangu zote nilizitia kwenye kiroba.

Asubuhi akatandika turubai na kuweka mabawa mawili. Bawa ni mfuko wa hewa unaofungwa mgongoni, kati ya bati la chuma na mtungi. Ukilitia hewa unapanda, ukiitoa unashuka. Moja lilikuwa kubwa, limeshonewa pembeni mipira ya kuvutika ya kulikunja. La pili lilikuwa dogo, la mviringo, unaweza kulibana kwapani.

"Chagua la kwako," akasema.

Sisi wa bonde hili, masika mto unapofurika, huvuka kwenda kwenye madungu ya kulindia mpunga kwa mipira ya matairi ya lori. Unaibonyeza kwa goti, unachukua ulionenepa kuliko yote. Anayekuja na mpira wa pikipiki anarudishwa nyumbani. Kwetu chochote chenye hewa kilikuwa cha kukutoa majini. Sikujua kuna kitu cha kukusaidia ubaki humo. Nikabonyeza yote mawili kwa goti, nikachukua kubwa. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza.

Mara tu nilipoingia, bawa lile likajikunja na kuukumbatia mtungi wangu mmoja. Hewa ikakimbilia upande wa kushoto, mkondo ukalikamata, nikaibuka ubavu ubavu mbele ya watu wanaosubiri pantoni.

"Dogo, umebeba godoro la wageni," mmoja wa wazamiaji akasema.

"Mwache, labda anataka kulala huko huko," akajibu mwenzake.

Mkubwa hakucheka. Akanieleza kwamba lile ni la mitungi miwili. Bawa linachaguliwa kwa uzito unaoshuka nao: mtungi, bati, vipande vya risasi vya kiunoni vya kukuzamisha. Liweze kuunyanyua huo na ziada kidogo, basi. Hewa isiyo na kazi inakusumbua. Akanivalisha lile dogo, akanifunga kamba, akanikumbusha alichonifundisha: yeye juu akivuta mara moja anauliza kama niko salama, nami nivute mara moja kumjibu.

Nikashuka. Nikatia hewa kidogo, nikatoa kidogo, na hapo katikati ya maji nikasimama. Sipandi, sishuki. Mwanga ulikuwa rangi ya chai, na mnyororo ulipita karibu na bega langu bila kunigusa. Tangu baba aondoke nilikuwa sijawahi kutulia vile. Nilihisi kamba ikinigusa kiunoni. Nikahisi tena. Nilijua ni swali, nikajiambia nitajibu sasa hivi. Kisha nikavutwa juu kwa nguvu.

Mkubwa alikuwa amelowa jasho.

"Bawa umelipatia," akasema alipopata pumzi. "Unatulia kuliko hawa wangu. Lakini nimekuuliza, mdogo wangu, ukanyamaza. Huko chini mtu akinyamaza mimi nahesabu amekufa. Siwezi kwenda na wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nafurahi tu. Nikainama kufungua mikanda ya bawa. Wakamaliza kazi, wakakunja hema, wakapanda gari la kwenda Mang'ula. Nikarudi kibandani.

Wewe uliyenisoma hadi hapa, uwe mzamiaji au mtu tu unayekaa peke yako, niandikie, hata mistari miwili. Nitachelewa kwa sababu ya mkono huu, lakini nitakujibu.