Muti Niliuacha Umekwama, Yaya Akapita Chini Yake

Nilikosa. Sina neno ingine ya kutanguliza. Hapa Butembo batu banasema dada yangu aliuawa na muti juu alikuwa kichwa nguvu. Uongo! Na ile uongo ilitoka mu kinywa yangu miye.

Kazi yangu ni kukata miti. Niko na tronsoneze, ile masini ya kuangusha miti na kupasua mbao, na kwa ile kazi nimezunguka kutoka Manguredjipa mupaka Mbau. Yaya Masika, ule dada, alikuwa mukubwa wangu. Mama alikufa tukingali batoto, njo yeye akanilea, akanikomalisha. Nilikuwa namuita yaya, mais alikuwa mama.

Mwaka jana akaniambia: "Jiko yangu inataka kuanguka. Kuya unikatie ile kaliptusi ya nyuma ya nyumba, tupate mbao."

Nikaenda asubuhi na Kambale, mwenzangu wa kazi. Ule muti ulikuwa umeinama kwa upande wa muti wa avoka, ule wa maparachichi. Kambale akasema tufunge kamba kwanza, tuuvute kwa upande wa shamba. Nikamucheka! Nikawasha masini, nikakata haraka-haraka. Kaliptusi ikalia, ikageuka, ikakwama mu matawi ya avoka. Chini imekatika, juu imeshikwa.

Mutu wa kazi yetu anajua: muti wa namna ile ni mubaya kuliko muti wenye kusimama. Upepo kidogo tu, unashuka.

"Patron, tusiuache hivi," Kambale akasema. "Nitafute batu na kamba."

"Tafuta. Miye naenda kunoa shene, munyororo ya masini, nyumbani, haikate tena."

"Na nani atabaki hapa kukataza batu?"

"Yaya iko ku shamba. Nani atakuya huku?"

Vraiment, kweli nilisema vile.

Mu njia nikakuta barafiki banakunywa mandale, ile pombe ya ndizi. Bakaniambia nikae kidogo. Nikakaa. Sikukuwa nimefunga njia hata na tawi moja. Sikukuwa nimemuambia mutu hata mumoja pale kwa yaya.

Yaya akatoka ku shamba mbele ya saa yake. Akaona matawi chini, kuni za bure. Akainama kuokota.

Nilisikia makelele kikombe ingali mu mukono. Nikakimbia. Bajirani balikuwa bananyanyua muti, yaya chini yake, macho wazi, anaita jina yangu. Bakamutoa, bakamulaza mu kipoyi, kitanda ya kubebea bagonjwa. Bwana yake, shemeji yangu, akanikamata shati.

"Ulimuambia asipite pale?"

Ndugu yangu unayesoma, njo hapo nilijiharibu.

"Nilimukataza," nikasema. "Hakusikia."

Kambale alikuwa amefika na kamba. Akaniangalia. Akaitupa chini.

Ku lopitali, kesho yake, yaya akaniita karibu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Banasema ulinikataza. Miye sikumbuke, pengine kichwa yangu imeharibika. Unisamehe, mudogo wangu. Nimekuletea shida ku kazi yako."

Ee Mungu! Angenitukana, ningepona. Nikamushika mukono, nikajibu: "Biliisha, yaya. Pumuzika."

Miye njo nilimusamehe! Mutu nilimuponda kwa uvivu wangu akaniomba musamaha, na nikamupatia! Siku ile ile, batu bakitoka misa, akakufa.

Ku matanga bamama balilia banasema: "Masika naye, banamukataza na anapita!" Nilikaa pale, nikakula chakula ya kilio. Kambale akanivuta pembeni: "Sitakusemea. Mais hapana kunitafuta tena kwa kazi." Mupaka leo hatujakata muti pamoja.

Nilibeba ile kitu mu tumbo. Siku moja nilikuwa kwa shemeji. Kavira, binti ya yaya, alikuwa anagombeza mutoto wake mwenye kukimbilia moto ya jiko: "Sikia wakati banakukataza! Unataka kufa kama bibi yako?"

Nikasimama. Nikabaambia byote: kamba, mandale, uongo.

Shemeji akauliza:

"Ku lopitali, Masika alikuomba musamaha?"

"Ndiyo."

"Na ukapokea?"

"Ndiyo."

"Toka kwangu."

Kavira hakunitukana. Alilia tu, anarudilia: "Mama hakukosa. Mama hakukosa." Tangu ile siku anapita nyumba kwa nyumba kubaambia bajirani vile mama yake alikufa kweli. Akinikuta mu njia, anaangalia upande. Ana haki.

Weye mwenye masini, sikia. Muti ukikwama, hapana kutoka hapo, hata shene ikiwa butu, hata njaa ikiuma. Fukuza batu bote, simama mbali, tuma mwenzako alete batu na kamba, bauvute kutoka mbali mupaka ulale chini. Hapana kuingia chini yake, hapana kukata ile muti yenye kuushika. Na mwenzako akikuambia "patron, tusiuache hivi," mukubali!

Na kama umekosa, sema palepale, wakati mutu angali anasikia. Miye nilisema kweli kwa bwana yake, kwa binti yake, kwa padri, na leo kwenu benye kusoma. Bote balisikia. Yaya hakusikia.