Siku Nilipojifanya Mtaalamu Gulioni

Hapana, gulioni sikufukuzwa, nilikimbia mwenyewe kwa aibu. Si mnamjua yule dada mtaalamu, anayewafundisha wanajeshi wastaafu wasioona kutembea na fimbo nyeupe? Mimi shule sijaiona, lakini sauti ya mtu yeyote naiweza. Basi alinichukua nimsaidie: naongea kama padre, naongea kama mwenyekiti, wanafunzi wanataja ni nani.

Juzi Afande Ndunguru alikuwa na mtihani. Aje peke yake gulioni Lundo, anunue usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, arudi. Akishindwa, mkewe aendelee kumshika mkono kila siku.

Na mimi siku hiyo nauza usipa, tena umelala siku mbili. Namwona huyoo, anapita meza yangu. Nikabana pua, nikatoa ile sauti ya mtaalamu: "Shikamoo Afandeee! Hongera jamani! Sasa nunua kwa Bibi Kanisia, usipa wake wa leoleo!"

Gulio zima likacheka. Nikajua wanafurahia sauti yangu.

Afande akasimama wima, akanusa kidogo, akategea sikio kicheko kilichokuwa nyuma yangu.

"Bibi Kanisia, usipa wako umeoza, na mtaalamu mwenyewe kasimama nyuma yako. Huoni?"