Taa za Mchana za Mama Mkwe

Kwetu Kakamega mvua hupenda kuja mchana. Asubuhi jua linawaka mpaka nguo zinakauka kwenye kamba, halafu kwenye saa nane wingu linapanda, na kufumba na kufumbua huoni mwisho wa barabara. Gari la mama mkwe lilikuwa na rangi ya mvua hiyo hiyo, kijivu kilichopauka. Lilikuwa gari dogo, lililonunuliwa kabla mimi na mke wangu hatujajuana.

Siku moja akirudi kutoka sokoni Lubao mvua ikinyesha, trekta ya miwa ilihama upande wake ili impite mwenye baiskeli, ikamjia uso kwa uso. Mama mkwe akatoka barabarani, akasimama kwenye nyasi. Dereva wa trekta akashuka akamkimbilia. "Mama, sikukuona. Haki sikuona gari kabisa."

Mama mkwe alimweleza mke wangu, na mke wangu akanieleza mimi. Mambo yetu yote yalikuwa yakipitia njia hiyo. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hatupeani mikono, hatuketi kiti kimoja, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayepisha. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa sikuwa nimezungumza naye zaidi ya salamu na habari ya watoto.

"Mwambie awashe taa mvua ikianza," nilimwambia mke wangu.

"Nimemwambia. Anasema anasahaunga."

Nikasema nitamwekea taa za mchana, ile mistari miwili myeupe ambayo magari mapya huwa nayo mbele. Mke wangu akanikumbusha kwamba mjini kuna fundi wa waya. Nikamjibu kwamba mimi nafundisha fizikia, na umeme wa gari si kitu cha kunishinda.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwake, karibu na Mukumu. Alinisalimia akiwa barazani, akaweka ufunguo juu ya kigoda, akaingia ndani ndipo nami nikasogea kuuchukua. Nikafunga taa chini ya bampa, nikavuta waya moja kwa moja hadi kwenye betri, nikaweka swichi ndogo chini ya usukani. Zikawaka vizuri mno. Mama mkwe alizitazama kutoka barazani, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akarudi jikoni. Niliandaliwa kuku na ugali, nikala peke yangu sebuleni nikijiona mtu wa maana.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, simu ya mke wangu ikalia. Gari lilikuwa limekataa kuwaka. Ijumaa alirudi kutoka sokoni jua likiwaka, hakuona kwamba taa bado zinawaka, akaziacha hivyo hadi betri ikaisha. Wanakwaya waliokuwa wakipita kwenda Misa ndio waliolisukuma, wakiwa wamevaa majoho yao.

Mke wangu aliweka simu chini, akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. "Mama anasema hizi taa zako pia zinataka kukumbukwa."

Tatizo lilikuwa kwamba yeye husahau, nami nikamwongezea kitu kimoja zaidi cha kukumbuka.

Jumatatu baada ya shule nikaenda kwa yule fundi wa waya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akachukua daftari langu akachora. Taa zisipate amri kwenye betri, alisema, zipate kwenye fyuzi ambayo umeme wake huja tu ufunguo ukizungushwa, na kati yake uweke rilei, swichi inayojiwasha umeme huo ukija. Gari likizimwa, nazo zinazima.

"Mwalimu, hii unaijua," akasema. "Ni vile ulikuwa na haraka."

Jumamosi iliyofuata nilirudi Mukumu peke yangu, kwa sababu mke wangu alikuwa na mkutano wa kina mama. Nilipofungua boneti nikagundua kwamba ili niipate ile fyuzi, lazima mtu mmoja azungushe ufunguo na mwingine ashike kipimo cha umeme. Nikatazama barazani, nikainamia tena injini. Nadhani mama mkwe alielewa. Alishuka kutoka barazani akijifuta mikono kwa leso, akafungua mlango wa gari, akaketi kwenye usukani. Boneti ilikuwa juu kati yetu. Yeye hakuniona, nami sikumwona.

"Washa, mama."

"Nimewasha."

"Zima."

"Nimezima."

Tukaendelea hivyo, fyuzi baada ya fyuzi, hadi tukaipata ya wipa, ambayo umeme wake ulikatika kila alipozima. Nikamwambia anaweza kupumzika, kazi iliyobaki ni ya kuunga waya. Hakushuka.

"Unajua kwa nini nilijifunza kuendesha?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Mzee wangu alikuwa anaanza kukosa macho. Nikajifunza nikiwa nyanya tayari, nimpeleke kliniki. Alikuwa anakaa hapa kando yangu ananiuliza, sasa tumefika wapi? Namwambia, hapa kuna mwanamke anauza ndizi, hapa wamekata miti. Mpaka tufike."

Mikono yangu iliendelea kuzungusha tepu, lakini polepole.

"Mwisho mwisho alibaki kuona taa tu," akasema. "Hata mchana. Gari likija na taa, ananiambia, linakuja, kaa upande wako. Akaona ananisaidia kuendesha. Na kweli alinisaidia."

Nilimwambia pole, mama. Akasema si maneno ya pole, ni maneno ya kukumbuka tu. Kisha akaniuliza iwapo waya hizo zitavumilia maji, nikamweleza nilivyozifunga, naye akauliza maswali ambayo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawaniulizi.

Nilipomaliza akazungusha ufunguo, taa zikawaka. Akautoa, zikazima. Alirudia mara tatu. Kabla sijashusha boneti alikuwa ameshashuka na kurudi barazani, na kutoka huko akanishukuru kwa sauti ya kawaida yetu.

Siku chache baadaye simu yangu ikalia darasani. Ilikuwa namba yake, na haikuwa imewahi kunipigia. Nikatoka nje haraka nikidhani kuna msiba.

"Mkwe, nimesimama hapa kando ya barabara. Kila gari linaniwashia taa. Nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Wanakuambia taa zako zinawaka mchana."

"Aa. Kwa hivyo wananiona."

"Wanakuona."

"Haya," akasema, akakata simu.

Siku hizi hunipigia mwenyewe jambo likiwa la gari, na mara nyingine hata lisipokuwa la gari. Hakai sana kwenye simu. Tukikutana njiani bado nampisha.